Leseni ya ushauri nasaha Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa msomaji aliyeko Marekani, au anayejiandaa kwenda kusoma huko, anayetaka kufanya ushauri nasaha wa afya ya akili akiwa na leseni kamili. Maswali yamepangwa kufuata safari yenyewe kuanzia shahada hadi kuhuisha leseni. Kama umeshahitimu, nenda moja kwa moja kwenye swali la saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi, maana hapo ndipo wengi hukwama.

Leseni inatolewa na nani?

Inatolewa na jimbo. Hakuna leseni ya taifa zima. Kila jimbo lina bodi yake, kanuni zake, na hata jina lake la leseni. Texas, Virginia na Georgia huiita LPC. New York, Florida na Massachusetts huiita LMHC. California, Ohio na Minnesota wana LPCC, Illinois na Maryland wana LCPC, na North Carolina ina LCMHC. Herufi zinatofautiana lakini kazi ni karibu ileile: kuzungumza na mteja, kutathmini, kupanga matibabu ya kisaikolojia na kuyasimamia. Virginia ilikuwa ya kwanza kutunga sheria hiyo mwaka 1976, na California ikawa ya mwisho mwaka 2009.

Kwa hiyo swali la kwanza si "nisome chuo gani?" bali "nitafanya kazi jimbo gani?" Watu huanza na chuo kwa sababu ada ni nafuu au kuna ndugu karibu, kisha wakahitimu na kukuta bodi ya jimbo wanaloishi inadai somo ambalo hawakulisoma. Fungua tovuti ya bodi, pakua kanuni, zisome zote. Kwa kawaida ni kurasa chache tu, na zitakuokolea mwaka mzima.

NCC nayo ni leseni?

Hapana. NCC ni cheti cha hiari kutoka NBCC, shirika la kitaifa lililoanzishwa mwaka 1982, ambalo pia ndilo linaloandaa mitihani inayotumiwa na majimbo. Cheti hicho kinapendeza kwenye wasifu, ila hakikuruhusu kumwona mteja hata mmoja.

Mshauri nasaha ana tofauti gani na mwanasaikolojia au mtu wa ustawi wa jamii?

Mwanasaikolojia kwa kawaida anahitaji uzamivu na hufanya mtihani uitwao EPPP. Mtu wa ustawi wa jamii husoma MSW (uzamili wa ustawi wa jamii), hufanya mitihani ya ASWB, na leseni yake ya kliniki mara nyingi huitwa LCSW. Mtaalamu wa ndoa na familia ana leseni ya LMFT. Mshauri wa shuleni hupewa kibali na idara ya elimu ya jimbo, si na bodi ya washauri, na kibali hicho hakimruhusu kufungua ofisi binafsi ya tiba. Daktari wa akili ni daktari kamili. Yeye huandika dawa. Mshauri nasaha haandiki dawa katika jimbo lolote.

Ukiwa bado hujaamua, linganisha MSW na uzamili wa ushauri nasaha bila upendeleo. MSW inafungua milango mingi zaidi hospitalini na serikalini, na kwa miaka mingi Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, iliwalipa watu wa LCSW huku ikiwaacha washauri nje. Pengo hilo lilizibwa tarehe 1 Januari 2024, washauri wenye leseni walipoanza kuidai Medicare. Anayependa hasa kazi ya kukaa na mteja chumbani, uzamili wa ushauri nasaha unamfundisha kazi hiyo kwa kina zaidi.

Nahitaji shahada gani?

Uzamili. Shahada ya kwanza inaweza kuwa ya fani yoyote: biashara, ualimu, uuguzi, theolojia. Vyuo vingi hutaka uwe umesoma saikolojia ya utangulizi, takwimu, na pengine somo la magonjwa ya akili; usipokuwa nayo utapewa uyasome kwanza.

Uzamili wenyewe sasa ni krediti 60 za mihula, yaani miaka 2 hadi 3 kwa mwanafunzi wa muda wote. Chombo kikuu cha ithibati ni CACREP, kilichoanzishwa mwaka 1981. Programu zake zote zinagusa maeneo 8: maadili na taaluma, utofauti wa jamii na tamaduni, makuzi ya binadamu, kazi na ajira, stadi za ushauri, ushauri wa vikundi, upimaji na tathmini, na utafiti.

Je, ithibati ya CACREP ni lazima? Inategemea jimbo. Ohio na North Carolina wanaidai. Texas na California hawalazimishi, ila wanakagua somo kwa somo. Ushauri wetu ni kwamba ukiweza kupata programu yenye CACREP kwa bei unayoimudu, ichukue, kwa sababu hujui utahamia wapi miaka 10 ijayo. Programu isiyo na ithibati hiyo inaweza kukupa leseni leo Texas na kukufungia mlango kesho Ohio.

Jihadhari pia na majina yanayofanana. Uzamili wa "saikolojia" wenye utafiti mwingi na bila mafunzo kwa vitendo hauhesabiwi, hata kama chuo ni kikubwa na jina lake linajulikana dunia nzima.

Praktikamu na intanishipu ni kitu kimoja?

Hapana, na zote zimo ndani ya shahada. Kwa viwango vya CACREP, praktikamu ni saa 100, na kati ya hizo angalau 40 ni za kuonana na wateja. Intanishipu inafuata: saa 600, na angalau 240 za wateja. Kila wiki kuna saa 1 ya usimamizi wa ana kwa ana na wastani wa saa 1 na nusu ya usimamizi wa kundi.

Usisubiri chuo kikutafutie kituo. Vyuo vingi vinatoa orodha tu; kuandika barua na kwenda kwenye usaili ni juu yako. Anza miezi 6 kabla ya muhula husika. Kabla ya kusaini, uliza mambo matatu: wateja ni wangapi kwa wiki, naruhusiwa kurekodi vikao, na msimamizi wa hapa ana leseni gani. Kituo kinachokupa wateja 3 kwa wiki kitakufikisha kwenye saa 45 hivi kwa muhula wa wiki 15. Hizo zinatosha praktikamu, lakini hazikufikishi popote kwenye intanishipu.

Kusoma kwa mtandao kunakubalika?

Ndiyo, zipo programu za mtandaoni zenye CACREP. Ila mafunzo kwa vitendo lazima uyafanye ana kwa ana mahali unapoishi, na wengi hutakiwa kwenda chuoni kwa siku chache za mafunzo ya stadi. Sheria ya shirikisho inavitaka vyuo vinavyofundisha fani za leseni viseme, jimbo kwa jimbo, kama programu yao inakidhi masharti. Taarifa hiyo huwa kwenye tovuti ya chuo. Itafute, ihifadhi, na iwe na tarehe.

Shahada yangu ya kwanza ni ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo. Inatambuliwa?

Kwa kuingia uzamili, mara nyingi ndiyo, baada ya kutathminiwa na shirika lililo mwanachama wa NACES (umoja wa mashirika yanayotathmini vyeti vya nje), kama WES au ECE. Omba tathmini ya somo kwa somo. Ile ya jumla haionyeshi krediti na vyuo huikataa. Kinachochelewesha ni chuo chako cha nyumbani: nakala ya matokeo lazima itoke chuoni moja kwa moja, iwe kwenye bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri au kwa njia ya kielektroniki, wala si mkononi mwako. Mwombe mtu aliyeko huko akafuatilie kwa msajili. Barua pepe pekee haitoshi.

Shahada nyingi za Tanzania na Uganda ni za miaka 3 baada ya kidato cha 6, na baadhi ya vyuo vya Marekani huzitilia shaka kwa kuwa vimezoea miaka 4. Ambatisha matokeo ya kidato cha 6 pia. Aliyesoma Kongo, Burundi au Rwanda kwa Kifaransa atahitaji tafsiri rasmi ya Kiingereza pamoja na nakala halisi.

Nina uzamili wa unasihi tayari kutoka Afrika Mashariki. Nianze upya?

Si lazima, lakini jiandae kisaikolojia. Bodi italinganisha shahada yako na matakwa ya jimbo, na mambo mawili ndiyo huangusha wengi: idadi ya krediti, na saa za vitendo zisizo na ushahidi. Chuo chaweza kuwa kizuri kabisa, hata kiwe na ithibati ya Kimarekani kama USIU-Africa ya Nairobi, lakini ithibati ya chuo kizima si ithibati ya programu ya ushauri nasaha.

Kusanya silabasi ya kila somo ulilosoma, ya mwaka ule uleule. Pata barua ya mkuu wa idara inayotaja saa za vitendo, ngapi zilikuwa za wateja, na sifa za aliyekusimamia. Majimbo mengine huruhusu kufidia masomo yaliyopungua katika chuo cha Marekani. Kinachofidiwa kwa shida ni intanishipu, kwani vyuo havipendi kumpokea mtu kwa intanishipu pekee. Ukiona unadaiwa krediti 30 na intanishipu nzima, piga hesabu kwa utulivu: huenda uzamili mpya wenye kuhamishiwa krediti chache ukawa wa haraka zaidi kuliko kuziba viraka.

Nipo kwa viza ya F-1 (ya mwanafunzi). Inawezekana?

Kusoma, ndiyo. Kufika leseni kamili ni kazi, na ni bora ujue mapema kwa nini.

Mafunzo kwa vitendo yanahitaji idhini ya CPT (ruhusa ya kufanya kazi iliyo sehemu ya masomo) iliyoandikwa kwenye I-20, fomu ya chuo inayoambatana na viza yako, kabla ya siku ya kwanza. Hata kama kituo hakilipi, usianze bila kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. CPT ya muda wote ikifika miezi 12 inakunyima OPT (ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako baada ya kuhitimu); ile ya saa 20 au pungufu kwa wiki haikunyimi.

Ukihitimu unapata OPT ya miezi 12. Ushauri nasaha hauko kwenye orodha ya fani za STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), hivyo hakuna ile nyongeza ya miezi 24. Sasa linganisha na Texas, ambapo saa za baada ya shahada haziwezi kukamilika kabla ya miezi 18. Miezi 12 haitoshi, hata ukifanya kazi usiku na mchana. Lazima uwe na njia ya pili ya ukaazi wa kazi, mfano mwajiri atakayekuombea viza ya kazi ya H-1B. Vyuo vikuu na mashirika yasiyo ya faida yenye uhusiano na vyuo hayabanwi na kikomo cha mwaka cha idadi ya viza hizo. Zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya muhula wa mwisho.

Mkimbizi, aliyepewa hifadhi na mwenye kadi ya kijani hawana tatizo hili.

Fedha za masomo zinapatikana wapi?

Wenye kadi ya kijani, wakimbizi na waliopewa hifadhi wanaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa shirikisho. Mkopo wa shirikisho kwa uzamili ni hadi dola 20,500 kwa mwaka. Mkopo wa Grad PLUS uliokuwa ukijazia pengo umefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, kwa hiyo programu yenye ada inayozidi kiwango hicho inahitaji mpango mwingine. Baada ya leseni, mpango wa shirikisho wa NHSC hulipa hadi dola 50,000 za deni kwa miaka 2 ya kazi ya muda wote katika maeneo yenye uhaba wa wahudumu. Nao mpango wa PSLF hufuta deni lililobaki baada ya malipo 120 ukiwa kwa mwajiri wa serikali au shirika lisilo la faida.

Mitihani ni ipi?

Ni miwili, na jimbo ndilo linalochagua. Yote ni kwa Kiingereza.

NCE ina maswali 200 ya kuchagua jibu, kwa dakika 225. Maswali 160 ndiyo yenye alama; 40 yanajaribiwa tu, na hutayatambua. Alama zimegawanywa hivi: stadi za ushauri asilimia 30, maeneo ya kitabibu 29, maadili 12, mapokezi na utambuzi wa tatizo 12, upangaji wa matibabu 9, na sifa za msingi za mshauri 8. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya mtihani iko kwenye mafungu mawili ya kwanza. Anayekesha akikariri majina ya wananadharia na miaka yao anaandaa sehemu ndogo.

NCMHCE ina kesi 11. Kila kesi ina maelezo ya mteja na maswali 9 hadi 15 yanayofuata mwendo wa tiba, na kesi moja haina alama. Kosa la kawaida hapa ni kuruka hatua. Mshauri mwenye huruma huchagua jibu la kumsaidia mteja haraka, kumbe swali linauliza jambo la kwanza, na jambo la kwanza ni kutathmini usalama wake.

Texas hukubali mtihani wowote kati ya hiyo miwili, pamoja na mtihani wa sheria za jimbo, na yote hufanywa kabla ya leseni ya awali (imeelezwa kwenye swali linalofuata). Ohio hutaka NCE kwa LPC, ambayo huko ni ngazi ya chini, na NCMHCE kwa LPCC. California huanza na mtihani wa sheria na maadili, halafu NCMHCE saa zikishakamilika. Ukifeli, unasubiri siku 90 kabla ya kurudia.

Tahadhari moja inayowahusu sana watu wetu: majina. Pasipoti ina majina matatu, cheti cha chuo kina mawili, leseni ya udereva imegeuza la mwisho likawa la kwanza. Kituo cha mtihani kitakurudisha mlangoni majina yasipolingana, na ada imepotea. Sawazisha majina kwenye hati zote kabla ya kujisajili.

Leseni ya awali ni nini?

Ni kibali cha kufanya kazi chini ya msimamizi baada ya kuhitimu. Texas humwita mwenye nayo LPC Associate, California APCC, Washington LMHCA, Florida ni intern aliyesajiliwa. Texas inadumu miezi 60, California miaka 6. Ukiwa nayo huruhusiwi kujitangaza kama mshauri kamili. Texas inataka jina la msimamizi wako lionekane kwenye matangazo yako yote, kadi na ukurasa wa mtandao vikiwemo.

Saa 3,000 zinahesabiwaje, na huchukua muda gani hasa?

Saa 3,000 ndizo zinazotajwa zaidi, lakini si sawa kila mahali. Texas: saa 3,000, kati yake 1,500 za kuonana na wateja, kwa miezi isiyopungua 18, na usimamizi wa saa 4 kila mwezi. California: saa 3,000, kati yake 1,750 za wateja, kwa wiki zisizopungua 104. Florida huhesabu saa 1,500 za tiba ya ana kwa ana na saa 100 za usimamizi kwa wiki zisizopungua 100. Minnesota kwa LPCC hutaka 4,000, kati yake 1,800 za wateja.

Watu huangalia 3,000 wakadhani ndiyo mlima. Mlima ni zile za wateja. Saa 40 kwa wiki hukupa 3,000 kwa wiki 75. Lakini kupata saa 1,500 za wateja kwa wiki 78 za Texas unahitaji saa 19 hadi 20 za wateja kila wiki bila likizo wala mafua. Kituo kikikupa 12 kwa wiki, utahitaji wiki 125, karibu miaka 2 na nusu. Uliza idadi hiyo kwenye usaili wa kazi kabla ya kuuliza mshahara.

Tazama siku moja kwenye daftari la saa. Jumanne: wateja 4 wamepangiwa saa moja moja, mmoja hakutokea, jioni kundi la saa 1 na nusu, kuandika maelezo ya vikao saa 2, msimamizi saa 1. Safu ya wateja inapata 4.5. Asiyetokea hahesabiwi, hata kama ulimsubiri ofisini. Saa 2 za maandishi zinaenda safu ya kazi nyingine, na usimamizi una safu yake. Mwaka mzima wa kuandika 5.5 badala ya 4.5 huishia kwenye barua ya bodi, na barua hiyo haipendezi.

Kwa nini saa hukataliwa?

Sababu zinajirudia, na karibu zote zingeepukika.

Kuanza kazi kabla leseni ya awali haijatoka. Ombi kuwa "linashughulikiwa" si leseni. California ina nafuu moja: ukituma ombi ndani ya siku 90 baada ya kuhitimu, na mwajiri awe amekuchukua alama za vidole kabla ya kuanza, saa za katikati zinaweza kuhesabiwa. Ukichelewa hadi siku ya 91, zimepotea.

Msimamizi asiye na sifa. Texas hutaka awe na hadhi ya LPC-S, yaani LPC aliyeidhinishwa kusimamia. Leseni ya kawaida haitoshi, hata awe na uzoefu wa miaka 20. Angalia jina lake kwenye tovuti ya bodi, na uangalie tena kila baada ya miezi michache, kwa sababu leseni yake ikiisha muda, saa zako za kipindi hicho zinaingia kwenye mashaka.

Kubadilisha msimamizi bila kupeleka fomu. Hapa mtu hupoteza miezi mingi kimyakimya. Bodi inamtambua msimamizi wa zamani, wewe unaonana na mpya.

Kulipwa kama mkandarasi. California haihesabu saa za APCC anayelipwa kwa fomu 1099. Lazima uwe mwajiriwa wa W-2 au wa kujitolea. Zahanati ndogo hupenda 1099 kwa sababu ya kodi zao. Kataa.

Na la mwisho ni sahihi. Msimamizi anahama, anaugua, mnakosana. Mtake asaini daftari kila mwezi, na ukiondoka kituoni mjaze fomu ya bodi wiki hiyohiyo. Hifadhi nakala nyumbani, si kwenye kompyuta ya kazini.

Niliwahi kukamatwa kwa kuendesha gari nimelewa. Nitapewa leseni?

Kosa moja la zamani la aina hiyo mara nyingi halizuii leseni. Kulificha ndiko kunakozuia. Bodi huchukua alama za vidole na itaona. Andika maelezo mafupi ya ukweli, ambatisha hati za mahakama zinazoonyesha shauri limekwisha, na ushahidi wa ulichofanya baadaye. Majimbo kadhaa, Texas ikiwemo, yana utaratibu wa kuuliza bodi mapema kabla hujalipa ada ya masomo. Utumie.

Mchungaji, padri au shehe anahitaji leseni?

Kwa kazi ya kiroho ndani ya huduma yake, majimbo mengi yamemsamehe. Msamaha huo una mipaka: asijiite mshauri mwenye leseni, asidai bima, asifungue ofisi ya tiba kando ya ibada na kutoza kwa saa. Kiongozi wa dini anayeona waumini wenye mawazo ya kujiua, kiwewe cha vita au ulevi ajenge uhusiano na washauri wawili watatu wenye leseni wa kuwapelekea.

Kiswahili kinanisaidia?

Sana, hasa miji iliyopokea wakimbizi wa Kongo. Ila kina mitego yake.

Programu nyingi hutaka vikao virekodiwe ili msimamizi asikilize. Kikao kikiwa cha Kiswahili na msimamizi hajui neno, utatakiwa kuandika kikao chote na kukitafsiri. Dakika 50 za mazungumzo zinaweza kula siku nzima ya Jumamosi. Kubaliana mapema kwamba utaleta kipande cha dakika 10 hadi 15. Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, lina tafsiri ya Kiswahili, lakini mteja wa Bukavu au Uvira huenda asielewe vizuri sentensi za Kiswahili sanifu. Msomee, halafu mwombe akueleze alivyoelewa, hasa swali la 9 linalouliza kuhusu kufikiria kujidhuru.

Mtego mkubwa ni udogo wa jamii. Mteja wako wa Jumatano utamkuta kwenye harambee Jumamosi, msibani, au jikoni kwa mjomba wako. Sheria za maadili za ACA (chama cha washauri nasaha cha Marekani) za mwaka 2014 hazikatazi kukutana hivyo. Zinakutaka ulinde siri na uepuke uhusiano unaoathiri tiba. Kwenye kikao cha kwanza sema wazi: tukikutana nje sitakusalimia mpaka wewe uanze, na sitaeleza tunajuana vipi. Usipolisema, ukipita bila kumsalimu atasema una maringo. Mke wa rafiki yako, binti wa jumuiya yenu ndogo ya kanisani: wapeleke kwa mwingine. Uhusiano wa kimapenzi na mteja wa zamani umekatazwa kwa miaka 5, na bodi nyingi zina masharti makali kuliko hayo.

Sina uzamili. Naweza kuanzia wapi?

Ushauri wa ulevi na madawa ya kulevya. Texas ina LCDC, inayohitaji shahada ndogo ya miaka 2 inayohusiana na fani hiyo, saa 270 za darasani, saa 300 za vitendo, mtihani, na saa 4,000 za kazi chini ya usimamizi. Unalipwa huku unajifunza, na ukija kuomba uzamili unakuwa na uzoefu halisi wa kuandika.

Nikihama jimbo?

Unaomba leseni upya kwenye jimbo jipya, kwa njia ya mkato inayotegemea miaka uliyofanya kazi. Mkataba wa majimbo uitwao Counseling Compact, uliokamilisha majimbo 10 yaliyohitajika mwaka 2022, unamwezesha mwenye leseni kamili katika jimbo lake la makazi kupata ruhusa ya kuhudumia majimbo mengine wanachama. Leseni ya awali haimo. Ndiyo maana ni busara kumaliza saa zote kabla ya kuhama, kama familia inaweza kuvumilia.

Naweza kumhudumia kwa simu mteja aliyeko Nairobi au Dar es Salaam?

Sheria huangalia mteja amekaa wapi wakati wa kikao, si ofisi yako iko wapi. Leseni ya Ohio haikupi haki ya kumtibu mtu aliyeko Nairobi, na Kenya ina sheria yake ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014. Hata mteja wako wa kawaida akienda likizo nyumbani kwa mwezi mmoja, vikao visimame au mpate ushauri wa bodi na bima yako ya taaluma. Kila mwanzo wa kikao cha mtandaoni muulize yuko mji gani, na uandike. WhatsApp isitumike kwa tiba: HIPAA, sheria ya Marekani ya usiri wa taarifa za afya, inataka mkataba rasmi wa kulinda taarifa na mtoa huduma, na WhatsApp haiutoi.

Leseni huhuishwa vipi?

Majimbo mengi ni kila miaka 2, kwa saa za elimu endelevu. Texas ni saa 24, zikiwemo 6 za maadili. California ni 36, zikiwemo 6 za sheria na maadili. Hakikisha mtoa mafunzo anakubaliwa na bodi kabla ya kulipa, na weka vyeti, kwani bodi hukagua baadhi ya watu bila taarifa. Ukibadilisha anwani, iarifu bodi ndani ya muda uliotajwa kwenye kanuni. Barua ya ukaguzi iliyotumwa nyumba uliyohama haitakuwa utetezi.